Motokaa za Jamaa katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Kabla gurudumu la mpira halijapita katika mchanga wa Malindi, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa wa kupima vyombo. Manahodha walioletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi walikaa barazani wakiulizana habari za majahazi yao: kipi ni chepesi wa kugeuka, kipi kinavuja, kipi hustahimili wimbi la nyuma, na kipi humla mwenyewe kwa gharama ya kalafati na shahamu. Chombo kilikuwa mali, na mali ya mtu haikosi kusemwa. Katika karne ya ishirini motokaa ilikirithi kiti cha jahazi katika mazungumzo hayo. Mahali paliposemwa tanga pakasemwa kabureta, na mahali paliposemwa mlingoti pakasemwa ekseli. Lakini moyo wa mazungumzo haukubadilika.

Wako watu wanaodhani kuwa maneno ya wenye magari ni upuzi wa kupitishia wakati. Insha hii inataka kuonyesha kuwa ni historia, tena historia isiyoandikwa sana. Mtu anapoisifu motokaa yake hudhani kuwa anasema habari za chuma. Kumbe anasema habari za mambo manne: barabara anayopita, mfuko wake, serikali yake, na moyo wake. Kazi ya msomaji wa historia ni kuyatenga mambo hayo manne, kama mpepetaji anavyotenga mchele na pumba, na kuuliza neno lipi ni ushahidi na lipi ni majivuno. Anayejua kazi hiyo hadanganywi kwa wepesi, wala katika kununua gari, wala katika mambo makubwa kuliko gari.

Yafaa kwanza kuijua nchi yenyewe, maana ushahidi haueleweki mpaka mahali pake pajulikane. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini, na mji wa Kilifi u karibu na nusu ya njia. Kwa macho ya ndege safari hiyo ni nyepesi: nchi ni tambarare, minazi na mikonge imejipanga, mibuyu imesimama kama wazee wa shauri, na bahari haiwi mbali. Lakini bahari hiyo hiyo imeingiza mikono yake katika nchi kavu, ikaikata njia mara tatu. Mkono wa kwanza hukitenga kisiwa cha Mombasa na Nyali. Wa pili uko Mtwapa. Wa tatu ni hori ya Kilifi. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na daraja la zege lililochukua nafasi yake lilifunguliwa mwaka 1980. Mtwapa zamani ilivukwa kwa feri iliyovutwa kwa minyororo na mikono ya watu, nao walivuta huku wakiimba, hata wasafiri wakaikumbuka nyimbo yao kuliko safari yenyewe. Kilifi ilingoja kuliko zote. Hadi mwaka 1991, daraja lake lilipofunguliwa, kila motokaa iliyotoka Mombasa kwenda Malindi ilisimama Mnarani, ikazima injini, ikangoja zamu yake ya kuingia katika feri.

Msomaji ataona ajabu akikumbuka jambo jingine la pwani hii. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya Italia iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa hapo hapo ikaenda kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Basi kwa miaka mingi pwani moja ilikuwa na mlango wa kwendea angani, lakini haikuwa na daraja la kuvukia Kilifi. Chombo kilitoka katika dunia kwa dakika chache, na mtu aliyekuwa na mgonjwa garini alikaa ng'ambo akitazama maji. Asiyekumbuka jambo hili hawezi kuelewa kwa nini wenye magari wa pwani walisema walivyosema.

Pamoja na maji ya hori palikuwa na adui wengine. Mchanga mwepesi hulimeza gurudumu linaloteleza. Mvua za masika huugeuza udongo kuwa uji. Na katika mafuriko makubwa, kama yale ya mwaka 1961 na yale ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, njia nyingi za pwani na bara zilikatika. Hewa ya bahari nayo huja na chumvi, na chumvi haina haraka wala haichoki. Huingia chini ya rangi, ikala bati kidogo kidogo, hata siku moja mwenye gari akaegemea mlango, na kidole chake kikatokea upande wa pili. Gari lililosifiwa katika baridi ya Ulaya lilikuwa halijasifiwa bado mpaka lipite mtihani huu.

Sasa tuwatazame wenye magari wenyewe. Katika siku za ukoloni motokaa nyingi za watu binafsi zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na Mwafrika mwenye motokaa yake mwenyewe alikuwa nadra. Wengi walizijua motokaa kwa kuziendesha kama madereva wa mabwana wengine, kwa kuzitengeneza, kwa kuzisukuma zilipokwama, na kwa kufunikwa na vumbi lake. Ujuzi wao ulikuwa mkubwa, lakini maoni yao hayakuulizwa. Hapa tunapata funzo la kwanza: si kila ajuaye huitwa shahidi, na si kila aitwaye shahidi hujua.

Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yaliitwa Safari ya Afrika ya Mashariki, na habari zake zilienea ulimwenguni. Jambo linalotuhusu katika mashindano hayo ni hili: siku za mwanzo magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake ya dukani, nayo yalitakiwa kuwa magari ya kawaida kama yale yaliyouzwa kwa watu. Kwa hiyo mashindano yale yalikuwa kama baraza kubwa la wenye magari lililoondoka kwenye viti likaenda kuthibitisha maneno yake njiani. Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Mercedes ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961. Mtu aliyetaka kununua gari la jamaa aliyasoma matokeo hayo kama mkulima anavyoyasoma mawingu.

Kisha ukaja mwaka 1963. Katika mashindano ya mwaka ule magari 84 yaliondoka, na kwa ukali wa mvua na matope magari 7 tu yalirudi. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule Kenya ikapata uhuru wake. Mambo haya mawili hayana uzazi mmoja, lakini katika kumbukumbu za watu yalikutana. Maana baada ya uhuru walimu wakuu, waganga wa serikali, maafisa wa wilaya na wafanya biashara Waafrika walianza kununua magari yao wenyewe, na gari lililokuwa na jina kubwa wakati ule lilikuwa Peugeot, ambayo watu waliitamka Pijo. Ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Mwaka 1968 pia magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Simba aliye katika alama ya Peugeot, ambaye asili yake ilikuwa alama ya misumeno iliyotengenezwa na jamaa ile Ufaransa katika karne ya kumi na tisa, akaonekana kana kwamba alizaliwa Tsavo.

Sifa hiyo haikuwa bure. Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, na 504, iliyotoka mwaka 1968, zilikuwa na springi ndefu na laini zilizoruhusu gurudumu kushuka shimoni na kupanda bila ya kuvunja mgongo wa abiria. Tumbo lake lilikuwa juu ya ardhi, na injini yake ilikuwa sahili: fundi wa chini ya mwembe aliweza kuifungua na kuifunga kwa spana chache. Mwaka 1969 waandishi wa habari za magari wa Ulaya waliichagua 504 kuwa gari bora la mwaka. Ndugu yake, yenye mwili mrefu na safu tatu za viti, iliitwa kwa Kifaransa Familiale, yaani ya jamaa. Ajabu ya historia ni kuwa gari hili lililopewa jina la jamaa ndilo lililofanywa teksi ya watu wote kati ya Mombasa na Malindi. Jamaa ya Mfaransa mmoja ilikwisha, ikaanza jamaa ya abiria wasiojuana.

Lakini mwenye busara hasimami penye ushindi tu. Mwaka 1965 mashindano yale yale yalichukuliwa na Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Magari mapya yalishindwa na gari kuukuu lililokuwa mikononi mwa mtu aliyejua kila parafujo yake. Hapo sifa ni ya nani: ya chuma au ya fundi? Swali hili linafaa kuulizwa kila tunaposikia mtu akisema kwamba gari lake halijamwangusha. Huenda gari ni zuri. Huenda mwenyewe ni mwangalifu. Huenda hajaenda mbali.

Ili tuyaone mambo haya kwa karibu, tuwaweke mbele yetu watu watatu katika foleni ya feri pale Mnarani, asubuhi moja ya mwaka 1974. Hatuwapi majina, maana ni mfano wa wengi. Wa kwanza ni mwalimu mwenye Volkswagen. Wa pili ni mfanya biashara wa korosho mwenye Peugeot 504. Wa tatu ni karani kijana mwenye Datsun ndogo aliyoinunua kwa mkopo. Feri iko ng'ambo, jua limepanda, na milango ya magari imefunguliwa ipitishe upepo.

Mwalimu ndiye aliyeanza. "Mabwana," alisema, "gari langu halina rejeta, basi halijui kuchemka. Upepo ndio maji yake. Tena injini imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma; mchangani napita mimi, na wenye magari makubwa wanatafuta watoto wa kuwasukuma."

"Bwana Mwalimu," alijibu mfanya biashara, "hayo ni kweli kwa mtu na mkewe. Mimi nina watoto sita, na mama yangu mzee, na magunia. Nikifunga safari ya Malindi hapana anayebaki nyumbani akilia. Gari la jamaa lisiloichukua jamaa ni pambo."

Karani alicheka kwa adabu. "Wazee wangu, nyote mwanena habari za njia, hapana anenaye habari za pampu. Bei ya petroli ya leo si ile ya mwaka uliopita. Gari langu dogo hunywa kama ndege. Mzee wangu na Peugeot yake hunywa kama ng'ombe."

"Na kutu itakula kama fisi," alisema mfanya biashara. "Hilo bati lako ni la kopo la maziwa."

Wakacheka wote. Karibu nao alisimama bibi mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akiuza korosho za kukaanga katika vifuko vya karatasi. Alikuwa amewasikiliza tangu mwanzo. Akasema, "Wanangu, mimi nipitaye kwa miguu naona vumbi lenu ni moja. Lakini usiku ule mjukuu wangu alipopata homa kali sikuuliza gari jipi ni jepesi wala lipi lina nguvu. Niliuliza ni nani aliye macho na ana petroli."

Hapana aliyejibu. Mwalimu alinunua vifuko viwili. Kisha feri ikatia nanga, milango ikafungwa, na kila mtu akarudi kwenye usukani wake.

Tuyapime sasa maneno ya mashahidi hawa. Hapana mwongo kati yao. Mwalimu alisema kweli: Volkswagen ile ilipozwa kwa hewa, na uzito wa injini juu ya magurudumu ya nyuma uliyasaidia yashike katika matope na mchanga. Mfanya biashara alisema kweli juu ya nafasi na ustahimilivu. Karani alisema kweli iliyokuwa changa kuliko zote, maana vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilifuatwa na kupanda kwa bei ya mafuta duniani: pipa lililouzwa kwa dola 3 hivi lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Mtu wa Kilifi ambaye hakuwahi kukiona kisima cha mafuta alivisikia vita vile katika mfuko wake. Tangu siku hizo magari madogo ya Japani yaliongezeka heshima. Na katika mashindano, ambako Datsun ilikuwa imekwisha kushinda mwaka 1970 na 1971, ilishinda tena mwaka 1973, na kisha mwaka 1979 hadi 1982, mara zote tano hizo ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda.

Basi wote walisema kweli, lakini kila mmoja aliikata kweli kwa kipimo cha maisha yake, akataka iwaenee wengine. Wahenga wamesema kuwa kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwalimu hakutaja kuwa gari lake halikuwa na mahali pa kuweka mizigo mingi. Mfanya biashara hakutaja bei ya petroli mpaka alipotajiwa. Karani hakutaja kwamba sehemu ya mshahara wake ilikwenda katika mkopo kila mwezi. Mtu husema uongo mara nyingine kwa kunyamaza tu. Tena mwenye kununua kitu kwa fedha nyingi hana budi kukisifu, maana akikitukana hujitukana nafsi yake. Hapa ndipo moyo unapoingia katika ushahidi. Kwa Mwafrika wa kizazi kile motokaa haikuwa chombo tu. Ilikuwa jibu kwa miaka ya vumbi. Alipoisifu alisifu siku aliyoacha kuwa mwenye kusukuma akawa mwenye kusukumiwa. Tusimcheke. Lakini tusilichukue neno lake lote kuwa habari za injini.

Sifa nayo ina hatari zake. Katika nchi ya minazi kama Kilifi kila mtoto anajua kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gari lililosifiwa kuwa halichoki lilichoshwa. Familiale iliyotengenezwa kwa safu tatu za viti ilipakiwa watu kupita kiasi, na mizigo juu ya paa, na dereva akaikimbiza ili aiwahi feri kabla haijaondoka. Watu walisema, "Hii ni Pijo, haina neno." Lakini breki hazisomi sifa, na gurudumu lililokwisha meno halijui jina la kiwanda. Wako waliozikwa kwa sababu waliamini jina la gari kuliko hali yake. Kwa sababu hiyo nasema kuwa mazungumzo ya wenye magari si mchezo. Neno moja la sifa lisilo na kipimo laweza kumfilisi aliyelisikia, au kumwua.

Tumekwisha kuona barabara, mfuko na moyo, imebaki serikali. Watu wengi hudhani kuwa walichagua magari yao kwa hiari yao tupu. Kweli walichagua, lakini walichagua katika yale yaliyoruhusiwa kufika mbele yao. Katika miaka ya 1970 viwanda vya kuunganisha magari vilianzishwa Thika, Nairobi na Mombasa, na kuleta magari kutoka nje kulibanwa kwa ushuru na kwa uchache wa fedha za kigeni. Kwa hiyo motokaa mpya ilikuwa ghali, na kuukuu ilitunzwa kama ng'ombe wa maziwa. Ustahimilivu wa magari ya siku zile, ambao wazee huusifu, ulikuwa kwa sehemu ustahimilivu wa wenyewe: hawakuwa na jingine la kununua. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na magari yaliyotumiwa Japani, nchi inayopita upande wa kushoto wa barabara kama Kenya, yakaanza kushuka kwa wingi katika bandari ya Kilindini. Baadaye ikawekwa kanuni ya kuzuia magari yaliyozidi miaka minane. Toyota Corolla na wenzake wakaenea toka Mtwapa hadi Malindi. Mwalimu na muuguzi, ambao zamani wangengoja miaka mingi, wakaweza kupata gari. Na kwa kuwa wanawake wengi walikuwa wamepata elimu na mishahara, sauti zao zikaingia katika mazungumzo haya kama wenye magari, si kama abiria tu.

Mwaka 1991 daraja la Kilifi lilipofunguliwa, feri ilimaliza kazi yake. Mtu aliyekuwa akingoja saa nzima sasa huvuka kwa dakika moja, na macho yake huona maji chini kama picha. Hili ni jema kubwa, na mgonjwa wa usiku ndiye mwenye haki ya kulisifu kuliko wote. Lakini kila jema huondoka na kitu. Foleni ya feri ilikuwa baraza lisiloitishwa na mtu. Pale mwenye Mercedes na mwenye Datsun walikuwa sawa mbele ya maji, na muuza korosho aliweza kuwajibu wote wawili. Daraja limetuharakisha, na mwenye haraka hana wakati wa kusikia ushahidi wa jirani.

Maoni nayo yamegeuka pamoja na nyakati. Zamani mtu aliuliza, "Litastahimili?" Kisha akauliza, "Linakunywa kiasi gani?" Baadaye akauliza, "Vipuri vyake vyapatikana, na nikiliuza nitapata nini?" Katika maswali haya matatu msomaji aweza kuisoma historia ya nusu karne bila ya kutajiwa mfalme wala rais. La kwanza ni swali la njia mbaya. La pili ni swali la mafuta ghali. La tatu ni swali la soko lililofunguka. Peugeot 504, ambayo kule Ufaransa ilikwisha kutengenezwa kama gari la jamaa mwaka 1983, iliendelea kuheshimiwa katika Afrika kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu Ufaransa ilikuwa imekwisha kuwa na swali la pili, na sisi tulikuwa tungali na la kwanza. Gari halizeeki kwa miaka yake tu. Huzeeka swali lake linapokwisha.

Hapa vijana na wazee hushindana. Mzee husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akalipiga boneti la gari lake kuukuu kwa upendo. Kijana hujibu kwamba mbacha uliotoboka haulaliki. Nadhani wote wawili wana haki, iwapo kila mmoja ataonyesha hesabu yake. Methali ni fedha nzuri, lakini nayo hubadilishwa kwa risiti.

Kwa hiyo nampa msomaji kijana nasaha tatu. Kwanza, akimsikia mtu akisifu au akilaumu chombo chochote, amwulize: umepita nacho njia ipi, kwa miaka mingapi, na nani alikitengeneza? Pili, asiridhike na shahidi mmoja. Amtafute mwenye gari, na fundi, na abiria, na yule apitaye kwa miguu. Fundi huona yale mwenyewe anayoyaficha, na mpita njia huona yale wote wawili wasiyoyaona. Tatu, akipata mali yake mwenyewe, aweke daftari: tarehe, mwendo, petroli, na kila kipuri kilichobadilishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na historia bila daftari hupotea pamoja na watu wake. Wazee waliovuka Kilifi kwa feri wanapungua kila mwaka. Kijana anayeishi Takaungu, Watamu au Gongoni angeweza kuwauliza leo, akaandika, naye angekuwa amefanya kazi ya mwanahistoria bila ya kutoka wilayani kwake.

Na juu ya nasaha hizi naweka neno la bibi wa korosho. Watu watatu waliokuwa na magari walishindana juu ya springi, rejeta na petroli, na kila mmoja alikuwa na hoja. Yeye, asiye na gurudumu hata moja, aliuliza swali ambalo wote watatu walilisahau: chombo hiki ni kwa ajili ya nani? Motokaa ya jamaa haipimwi kwa mwendo wake tu, wala kwa bei yake, wala kwa mng'aro wa rangi yake. Hupimwa pia usiku, jirani anapobisha mlango, kwa kuwa mwenyewe ameamka au hakuamka.